Babu alikuwepo Chai 25/9/1964, au alikuwa kwenye mkonge Moshi? Kaburi linasubiri maandishi

#1 Mjukuu wa Langasani

Salaam wakuu. Hili ni jambo la familia, wasimamizi wasiupeleke uzi jukwaa la siasa tafadhali.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Alikuja Moshi kutafuta kazi ya mkonge, akamwoa bibi yangu Mpare, akazeekea Langasani na akafia hapo hapo. Sisi wajukuu Kimakonde hatukijui, labda matusi mawili aliyokuwa akimtukana nayo mbwa. Ila kuna kitu kimoja alituachia: kila tarehe 25 Septemba lazima achinje. Akiwa na hela ni mbuzi, akiwa hana ni jogoo, hata wa kukopa. Ukimuuliza kuna nini, jibu ni moja tu: "Leo ndiyo siku tulipoanza." Haongezi neno.

Mwaka huu tunamjengea kaburi. Baba mdogo kaenda kwa fundi marumaru pale Majengo, kalipa nusu, na maandishi aliyompa ni haya: MPIGANAJI WA FRELIMO. ALIKUWEPO CHAI 25.9.1964. (Kwa asiyejua: Frelimo ndio waliopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Mreno, na Chai ni mahali wanaposema vita ilianzia siku hiyo.) Shangazi kagoma kata kata. Anasema baba yao hakuwahi kushika bunduki, siku hiyo alikuwa shambani anakata mkonge kama siku nyingine.

Maelezo ya baba mdogo: babu alipata mafunzo Nachingwea, wakavuka Ruvuma usiku, wakalipiga boma la Chai huko Mueda, akaumia goti, akarudi Moshi. Na goti kweli lilikuwa bovu, sote tulimwona akichechemea. Shangazi anajibu kwamba goti liliharibiwa na korona.

Ushahidi pekee tulionao ni kadi ya kazi iliyokuwa kwenye bati la biskuti la shangazi. Ina visanduku 30, kimoja kwa kila siku. Kumi na saba vimepigwa alama ya kalamu ya wino wa zambarau, vilivyobaki vitupu. Pembeni kuna mwezi na mwaka, ila mende wamekula kona. Kinachosomeka ni "MBER 1964".

Naomba wanaojua historia ya vita ya Msumbiji wanisaidie kabla fundi hajashika patasi.

#2 Mangi wa Kiboriloni

Nimevuta kiti, kata ya mbege iko mkononi. Angalizo moja tu: marumaru haina kitufe cha kuhariri.

#3 Chalii ya Sombetini

Goti liliharibiwa na korona?? Korona ya 2020 ilimkuta babu hai? 😂

#4 Kalenda ya Ukutani

Chalii, korona ni mtambo wa kusindika mkonge, ule unaokwangua jani hadi zibaki nyuzi. Umekula vidole na mikono ya watu tangu enzi za Wajerumani na Waingereza. Kaulize mtu yeyote aliyekulia kambi ya mkonge.

Turudi kwa mleta uzi. Maelezo ya baba mdogo yana nyufa mbili.

Kwanza, Chai haiko Mueda. Iko wilaya ya Macomia, mkoa wa Cabo Delgado, kusini mashariki ya Mueda. Watu wengi huchanganya kwa sababu Mueda ndiyo yenye jina.

Pili, Nachingwea. Frelimo walipewa kambi ya Nachingwea mwaka 1965. Waliopigana Septemba 1964 hawakupitia huko. Kundi la mwanzo kabisa la wapiganaji lilipelekwa Algeria mwaka 1963, waliofuata wakafundishwa hapa kwetu, Bagamoyo na Kongwa. Kongwa ile ya Dodoma, kwenye mabaki ya mradi wa karanga wa Waingereza. Samora Machel mwenyewe alikuwa kamanda pale. Sasa kama babu alifundishwa Nachingwea, hakuwa Chai. Kama alikuwa Chai, hakufundishwa Nachingwea. Achague.

Aliyeongoza shambulio la Chai ni Alberto Chipande, na masimulizi rasmi yanasema ndiye aliyefyatua risasi ya kwanza. Baada ya uhuru akawa waziri wa kwanza wa ulinzi. Kikundi chake kilikuwa kidogo. Halikuwa jeshi la watu wa kutosha kila familia kuwa na babu ndani yake.

#5 Mangi wa Kiboriloni

Kwa hiyo Chai ya Msumbiji imekuwa kama basi la Moshi-Dar. Viti vichache, abiria wote wanasema walikaa mbele.

#6 Koplo Mstaafu

Kalenda umeeleza vizuri ila usimfungie mlango mzee wa watu. Marehemu baba yangu alitumikia jeshi kule Mtwara, na anasema vijana wa Frelimo walikuwa wakivushwa Ruvuma na JWTZ toka siku ya kwanza, na wapagazi walichukuliwa popote walipo Wamakonde, hata kwenye mikonge. Siyo kila aliyekuwepo alikuwa na bunduki. Sanduku la risasi halitembei lenyewe.

#7 Kalenda ya Ukutani

Koplo, kwa heshima zote. JWTZ ilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya Tanganyika Rifles ya Januari mwaka ule. Siku ya Chai jeshi letu lilikuwa na wiki tatu na siku kadhaa, bado linahesabu sare. Mzee nadhani anazungumzia miaka iliyofuata, vita ilipochachamaa na vijiji vya kando ya Ruvuma vikaanza kuonja mabomu ya Mreno. Ila hoja ya wapagazi naikubali, hiyo ina mashiko kuliko ya baba mdogo.

#8 Koplo Mstaafu

Baba alikuwepo. Wewe ulikuwa wapi?

#9 Kalenda ya Ukutani

Maktaba.

#10 Chalii ya Sombetini

Dah 😂😂

#11 Mchonga Mpingo

Habarini. Mimi ni Mmakonde wa huko huko anakosemwa, nachonga vinyago hapa Arusha, baba yangu alivuka Ruvuma na shoka begani miaka hiyo. Nina maswali kwa mleta uzi kabla sijasema langu.

Babu alikuwa na nembo usoni? Chale za kukata, mistari ya pembe pembe kuanzia paji hadi shavuni? Kama alikuwa nazo maana yake alikulia kwao hadi ujana, hakuzaliwa kambini. Na ubatizo wake ni wa misheni gani? Wa Nangololo wengi walibatizwa na mapadri Waholanzi, wana majina ya Kireno.

Halafu kuna jambo ambalo nyie watu wa milimani hamlijui. Sisi ukoo unakwenda kwa mama. Mrithi wa mwanamume si mwanawe, ni mtoto wa dada yake. Babu yako ni wa ukoo wa mama yake. Wewe, baba yako na huyo baba mdogo, kwa hesabu ya kwetu, si watu wa ukoo wa babu. Na kwa kuwa bibi ni Mpare, na Wapare wanahesabu kwa baba, mmeanguka katikati. Hakuna upande unaowadai 😄

Nasema hivi si kwa utani tu. Habari za mtu wa aina hiyo haziko Langasani. Ziko kwa watoto wa dada zake. Alikuwa na dada? Waliwahi kuja? Hao ndio wanaojua alikuwa wapi mwaka 1964, kwa sababu kama angekufa vitani wao ndio wangepelekewa msiba.

Na la mwisho. Kwetu jina la mjomba aliyefariki linarithiwa, na anayelirithi anarithi na mambo yake. Marehemu baba yangu alikuwa akisema "mimi nilipigwa na Wareno Mueda" wakati siku hiyo alikuwa Tanga. Aliyepigwa ni mjomba aliyemrithi jina. Hakuwa anadanganya. Kwake ni yeye.

#12 Mjukuu wa Langasani

Asante mkuu Mchonga. Nembo alikuwa nazo, kipaji chote cha uso. Jina la ubatizo la Kireno alikuwa nalo ila kazini aliandikwa jina la Kiswahili. Dada alikuwepo, baba anakumbuka mama mmoja mwenye ndonya aliyekuja mara moja akalia siku nzima akaondoka. Hatujui alitokea wapi.

Hili la kurithi jina limenichanganya. Kwa hiyo inawezekana aliyekuwa Chai ni mjomba wake?

#13 Mchonga Mpingo

Inawezekana. Inawezekana pia hakuna.

#14 Mangi wa Kiboriloni

Mchonga una roho ngumu kama huo mpingo.

#15 Binti Ruvuma

Hamjambo. Mama yangu alikulia kambi ya wakimbizi Rutamba, Lindi. Ngoja niwape la kwake.

Kule kambini tarehe 25 Septemba ilikuwa sikukuu kubwa kuliko Krismasi. Frelimo waliiita Siku ya Mapinduzi. Watoto wanapangwa mistari, wanaimba, wazee wanacheza mapiko, ile ngoma ya kinyago, na viongozi wanahutubia kuhusu risasi ya kwanza. Mama anasema kila mzee pale alikuwa akisema "siku ile tulipoanza", hata wale waliokimbia vita kabla hawajasikia mlio wowote. "Sisi" ilikuwa ni watu wote.

Na redio nayo. Frelimo walikuwa na matangazo yao kupitia Radio Tanzania, Dar. Mmakonde aliyekuwa Moshi na redio ya mkulima anaipata habari kama yuko Mueda.

Kwa hiyo mimi naona babu alikuwa anaadhimisha siku ya taifa lake, basi. Msumbiji hadi leo 25 Septemba ni mapumziko, siku ya majeshi. Mbona sisi 9 Desemba tunasema "tulipopata uhuru" na hapa hakuna aliyekuwepo?

#16 Chalii ya Sombetini

Dada hapo umemaliza. Uzi ufungwe.

#17 Kalenda ya Ukutani

Usifungwe bado. Hoja ya Binti Ruvuma ni nzuri ila haijibu kwa nini mtu awe msiri. Sikukuu ya taifa ina siri gani? Mzee anachinja kila mwaka, anaulizwa na wanawe, hasemi hata "leo ni siku ya Frelimo". Hapo mimi nanusa kitu kingine.

Kabla ya Frelimo, Wamakonde waliokuwa kazini Tanganyika na Kenya walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana, na baadaye kikawepo chama cha siasa, MANU. Wenyewe ni manamba wa mkonge na makuli wa bandari, watu kama babu huyu. Tarehe 25 Juni 1962 MANU ikaungana na UDENAMO na UNAMI pale Dar es Salaam ikazaliwa Frelimo, chini ya Eduardo Mondlane. Kwenye karatasi waliungana. Kwenye mioyo siyo wote. Kuna wa MANU waliojitoa mapema wakaendelea kivyao.

Agosti 1964, mwezi mzima kabla ya Chai, padri Mholanzi wa Nangololo aliuawa kule uwanda wa Mueda. Lawama ziliangukia watu wenye mizizi ya MANU. Frelimo walilikana tukio lile, na historia rasmi ikaanzia Septemba.

Sasa jiulize. Kama babu alikuwa mtu wa MANU, angekuwa na sababu ya kufunga mdomo miaka yote, hasa hapa Tanzania ambako Frelimo ndio waliokuwa wageni wa serikali. Na bado angekuwa na haki ya kusema "tulianza".

#18 Koplo Mstaafu

Kalenda sasa umemgeuza mzee wa watu mhalifu. Shangazi akiusoma huu uzi atazimia.

#19 Kalenda ya Ukutani

Sijasema alifanya. Nimesema kukaa kimya kuna sababu.

#20 Mchonga Mpingo

Kukaa kimya kwa Mmakonde hakuhitaji sababu. Nendeni mkaone.

#21 Mwalimu wa Tsudunyi

Nawasalimu. Nafuatilia uzi tangu asubuhi. Mimi ni mtu wa Old Moshi, na nashangaa kidogo kuona tunahangaikia mwanzo wa vita ya Msumbiji wakati hapa nyumbani mwanzo wetu haujulikani na vijana. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli hapa kwetu, pamoja na viongozi na wapiganaji wengine 18, wakiwemo wa Meru na Arusha. Kichwa cha Meli inaaminika kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na wajukuu wanakitafuta hadi leo.

Nalitaja kwa sababu linamhusu mleta uzi. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la Berlin lilipima vinasaba vya mafuvu waliyoyachukua huku, wakalinganisha na mate ya watu wa Kilimanjaro, na matatu yakapata ndugu walio hai. Moja lilikuwa na jina kabisa, la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Jamaa zake walikuwa hapa hapa wanalima migomba. Sayansi hiyo ipo. Kapimeni, mtafute ndugu wa babu Msumbiji, mtapata ukweli.

#22 Binti Ruvuma

Mwalimu, vinasaba vitamwambia nani ni ndugu yake. Havitamwambia babu alikuwa wapi Alhamisi au Ijumaa ya mwaka 1964.

#23 Kalenda ya Ukutani

Ilikuwa Ijumaa.

#24 Mangi wa Kiboriloni

Huyu Kalenda mke wake anapata tabu sana.

Mwalimu, wewe Old Moshi mnakumbuka Meli, sisi wengine kumbukumbu zetu zote ziko Desemba, barabara ikijaa na mtori ukipikwa. Mtu akitoka Dar na gari la kuazima tunasema ukoo umekutana.

#25 Mwalimu wa Tsudunyi

Ndiyo shida yenyewe. Na kuhusu kupima, nakumbusha tu kwamba hapa nchini kuna sheria ya vinasaba ya 2009, mambo hayo yanapitia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Msije mkatuma mate nje kwa posta kama kadi ya Krismasi.

#26 Mzee wa Kambi Namba Tatu

Vijana hamjambo. Nimezaliwa kambi ya mkonge, baba alikuwa nyapara. Nataka niseme juu ya hiyo kadi, maana naona wote mmeipita.

Wazee waliendelea kuiita kipande hata baada ya Mwingereza kuondoka. Visanduku 30 si tarehe za mwezi. Ni siku 30 za kazi. Mtu akimaliza kipande ndipo analipwa. Ukifanya kazi leo, nyapara anakupigia alama. Ukilala na homa, au ukienda kunywa, hakuna alama, na kipande kinaendelea hadi wiki ijayo. Kipande cha mwezi mmoja mtu mvivu alikifikisha hadi mwezi wa pili. Kwa hiyo alama kumi na saba si kwamba aliacha kazi tarehe 17. Inaweza kuwa alianza katikati, inaweza kuwa alikuwa amechoka.

Lakini kuna kitu kinanishangaza mimi. Kadi ikijaa, mtu anaipeleka ofisini, analipwa, anapewa mpya. Hii haikujaa na haikurudishwa. Mtu aliacha siku kumi na saba za jasho bila kulipwa. Nimekulia kambini, sikuwahi kuona namba anayeacha hela yake hivi hivi. Ama alikimbia, ama aliumia, ama alifuatwa usiku.

#27 Mjukuu wa Langasani

Mzee, umenisisimua. Hatukuwahi kuliona hivyo.

#28 Kalenda ya Ukutani

Shikamoo mzee. Hapo kweli kuna jambo. Ila mwezi bado ni tatizo. "MBER" ni Septemba, Novemba au Desemba. Mjukuu, angalia juu ya kadi pameandikwa nchi gani. Jina la Tanzania limeanza kutumika 29 Oktoba 1964. Kabla ya hapo, toka Aprili, tulikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Kama kadi inasema Tanzania, basi si ya Septemba.

#29 Mjukuu wa Langasani

Nimempigia shangazi, kavaa miwani. Imeandikwa "Tanganyika Territory".

#30 Kalenda ya Ukutani

Basi wametumia makaratasi ya mkoloni waliyoyachapa kwa wingi. Haituambii kitu.

#31 Mangi wa Kiboriloni

Maktaba imegonga ukuta 😂

#32 Mzee wa Kambi Namba Tatu

Marahaba. Hata miaka ya sabini tuliyatumia makaratasi ya Mwingereza, hadi yakaisha.

#33 Jirani wa Kwale

Habari zenu ndugu wa Tanzania. Mimi ni Mmakonde wa Kenya, Kwale, wazee wetu walikuja kwenye mkonge na miwa kama huyo babu. Nawaambia tu muwe na shukrani. Sisi tuliishi bila kitambulisho hadi Oktoba 2016 tulipotembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais. Mwaka uliofuata tukatambuliwa kabila la 43 la Kenya. Wakati ule tulikuwa tunaulizwa na maofisa, "babu yako alikuja lini, thibitisha." Na sisi tulikuwa na kadi kama hizo, zilizoliwa hivyo hivyo. Kuna wazee walisema walikimbia vita ya 1964 na kumbe walikuja kabla yake sana, kukimbia pamba ya lazima na kodi. Vita ilikuwa rahisi kueleza. Ofisa akisikia vita anaelewa, akisikia pamba anakuangalia tu.

#34 Binti Ruvuma

Hili la pamba ni kweli kabisa. Mama anasema wengi hawakukimbia risasi. Walikimbia kulimishwa pamba shamba lao lenyewe na kupangiwa bei.

Na ndiyo iliyozaa Mueda ya tarehe 16 Juni 1960. Watu walikwenda kuzungumza na gavana, wasemaji wao Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane wakakamatwa, watu wakachachamaa, wakapigwa risasi. Frelimo wanasema walikufa zaidi ya 500. Wanahistoria wengine wanashusha hadi makumi. Kwetu nyumbani hakuna anayehesabu, maana kila nyumba inataja wa kwake.

Nauliza tu: je, kama "tulipoanza" ya babu ni Mueda, na tarehe ya Septemba aliiokota baadaye kwenye redio?

#35 Kalenda ya Ukutani

Inawezekana. Chipande mwenyewe alisimulia kwamba alikuwepo Mueda siku ile. Halafu hiyo 25 imejirudia mno: 25 Juni 1962 Frelimo inazaliwa, 25 Septemba 1964 Chai, 25 Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno wanapindua serikali yao, 25 Juni 1975 uhuru. Mzee wa miaka sabini akishika "tarehe ishirini na tano" anaweza kuuweka mwezi wowote.

Na tusisahau hata huko Msumbiji kwenyewe nani alifyatua risasi ya kwanza bado ni ubishi. Ndiyo maana nasema marumaru isubiri.

#36 Chalii ya Sombetini

Nimejumlisha nondo zote, nikosoeni: alikuwa mpiganaji, au mpagazi, au mtu wa MANU, au mjomba wake, au alisikia redioni, au alikuwa Mueda, au alikuwa amelewa kipande kikaenda miezi miwili. Na goti ni la Mreno au la korona.

#37 Mama Ngarenaro

Wanaume mnapenda vita. Mimi nauliza swali la kike: bibi aliolewa lini? "Leo ndiyo siku tulipoanza." Mwanamume anachinja jogoo kila mwaka tarehe ileile, hataki kuwaeleza watoto, anaona aibu. Nyumbani kwangu hiyo inaitwa siku ya ndoa.

#38 Mangi wa Kiboriloni

Weweee! Tumezunguka Algeria na Berlin kumbe jibu liko jikoni.

#39 Koplo Mstaafu

Mama Ngarenaro, heshima yako.

#40 Mjukuu wa Langasani

Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Nimemuuliza shangazi. Anasema bibi na babu hawakufunga ndoa ya cheti, walianza kuishi tu, na mwezi haujui. Ila yeye shangazi ndiye mtoto wa kwanza, kazaliwa Julai 1965. Hesabuni wenyewe.

Alipoona najumlisha kwa vidole kakata simu.

#41 Kalenda ya Ukutani

Julai 1965 kurudi nyuma miezi tisa ni Oktoba 1964. Kama babu alikuwa Chai tarehe 25 Septemba na goti bovu, alirudi Moshi haraka mno kwa usafiri wa wakati ule. Lindi na Mtwara barabara ilikuwa ya udongo, na mvua zikianza hupiti.

#42 Mzee wa Kambi Namba Tatu

Ama aliacha kipande kwa ajili ya mwanamke. Nimewaona wa namna hiyo wengi.

#43 Mchonga Mpingo

Na yule dada aliyekuja akalia siku nzima, alilia nini? Mnamwacha yeye. Mimi nina ndugu Mtwara mjini na Newala, nitauliza. Mjukuu nitumie inboksi jina lake la Kireno na picha ya nembo. Hizo nembo zina mkono wa fundi, wazee wanajua zimekatwa kijiji gani.

#44 Mjukuu wa Langasani

Nimetuma mkuu. Ubarikiwe.

Mrejesho: baba mdogo kausoma uzi wote. Kasema nyie wote ni vibaraka wa shangazi. Amekubali kitu kimoja, neno MPIGANAJI liondoke, ila CHAI 25.9.1964 ibaki. Shangazi anataka jina na tarehe ya kufa tu. Fundi anasema herufi zinalipiwa kwa idadi, wanaomgombanisha na bei ni wote wawili.

#45 Koplo Mstaafu

Andikeni "25 Septemba" peke yake. Bila mwaka, bila mahali. Atakayeuliza aulizwe.

#46 Mwalimu wa Tsudunyi

Halafu baada ya miaka hamsini wajukuu watadhani ndiyo tarehe aliyokufa.

#47 Mgeni Njiani

Wakuu samahani, ni bandiko langu la kwanza humu. Nimekulia jirani na Langasani, na huyo mzee mwenye nembo na mguu wa kuchechemea kama ndiye ninayemjua, tulikuwa tunakwenda kula kwake watoto wote wa mtaa akichinja. Ila haikuwa Septemba. Ilikuwa Juni. Septemba alianza uzeeni.

#48 Mjukuu wa Langasani

Juni?? Mkuu usiondoke. Juni tarehe ngapi, 16 au 25?

#49 Mgeni Njiani

Tarehe sikumbuki mkuu, nilikuwa mdogo. Nakumbuka kulikuwa na baridi kali.

#50 Mangi wa Kiboriloni

Juni yote Moshi kuna baridi. Fundi apewe chai kwanza.